Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka 2024: Waliotushika Mkono

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha watu wa kompyuta na mitandao inamtaka Mwenyekiti asimame mbele ya Mkutano Mkuu kila mwaka na kueleza chama kimefanya nini. Kwa kawaida taarifa hiyo huwa na mafungu yale yale: uanachama, mafunzo, fedha, changamoto, na mwisho kabisa "mengineyo", ambako ndiko wengi wetu huwa tunaamka. Mwaka huu niliiomba Kamati Tendaji iniruhusu kugeuza mpangilio. Ya kawaida nitayapitia mbiombio, kwa kuwa Katibu na Mweka Hazina wana taarifa zao na nakala mnazo mikononi. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo ambalo halijawahi kuingia kwenye ajenda yetu, nalo ni shukrani kwa watu waliotufundisha kazi ya kompyuta.

Basi ya kawaida. Wanachama wameongezeka, hasa kutoka Mwanza, Dodoma na Zanzibar. Ada nazo zimeongezeka, ila kwa mwendo wake zenyewe. Semina iliyojaza ukumbi kuliko zote ni ile ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waajiri wameanza kuuliza taarifa za wateja zinakaa wapi, nani anazifikia na zinafutwa lini, na maswali hayo yakishashuka ngazi zote huishia kwenye meza ya fundi. Semina ya usalama wa mitandao ilihudhuriwa vizuri asubuhi na vibaya baada ya chakula cha mchana. Hesabu zimekaguliwa. Deni la ukumbi lililotusumbua tangu uongozi uliopita limelipwa lote. Mwenye kutaka undani amwone Mweka Hazina, ila namwombea asishikwe wakati wa chai.

Sasa nieleze kwa nini shukrani, na kwa nini mwaka huu.

Mwaka 2024 ulianza na msiba siku ya kwanza. Tarehe 1 Januari alifariki Niklaus Wirth, Mswisi aliyeiunda Pascal, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 17, akafuata David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, mtu aliyezifundisha kompyuta za dunia nzima kukubaliana saa ni ngapi. Mwezi Novemba akaondoka Thomas Kurtz, mmoja wa wawili walioiunda BASIC, lugha nyingine ya programu, akiwa na miaka 96. Na katikati ya misiba hiyo ya mbali tukapata wa kwetu: mzee aliyewafundisha kazi wengi waliokaa humu ukumbini, pamoja na mimi. Familia yake imetuomba tusilitangaze jina lake hadharani, nasi tumekubali. Waliomfahamu wanajua namsema nani. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyozoea.

Nilipokuwa nikiandaa salamu za rambirambi niligundua kwamba nikiulizwa Mwalimu alinifundisha programu gani, karibu zote nitakazotaja zimekwisha. Hakuna anayezitumia. Mashine zake zimeuzwa kama vyuma chakavu. Na bado kila siku kazini nafanya kitu alichonifundisha yeye. Jambo hilo ndilo lililonikaa kichwani mwaka mzima, na ndilo nataka tulizungumze.

Tuanze na Wirth, maana kwa wengi wetu yeye ndiye aliyekuwa mlango. Pascal aliitoa mwaka 1970 akiwa Zürich, akiikusudia wanafunzi: lugha inayokulazimisha kusema tangu mwanzo kila kitu ni cha aina gani, na inayokataa kubahatisha kwa niaba yako. Iliwafikia vijana wengi wa huku kupitia Turbo Pascal, bidhaa ya kampuni ya Borland iliyotoka mwaka 1983 kwa kazi ya kijana wa Kidenmaki, Anders Hejlsberg. Uzuri wake kwa mtu wa Dar es Salaam ulikuwa mwepesi kueleza. Kompaila nzima, yaani programu inayogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine, pamoja na mahali pa kuandikia vilitosha kwenye disketi moja. Huhitaji diski kuu, ambayo hukuwa nayo, wala huhitaji kibali cha mtu. Unaweka disketi, unaandika, unaendesha, umeme unakatika, unaanza tena.

Mwalimu hakuturuhusu kugusa kibodi mpaka programu iwe imeandikwa kwenye karatasi na umeipitia kwa kalamu mstari kwa mstari, ukichora jedwali la thamani ya kila kigezo inavyobadilika. Tulidhani ni uhaba wa mashine tu. Uhaba ulikuwepo kweli, foleni ilikuwa ndefu. Lakini miaka baadaye, alipokuwa na chumba kizima cha kompyuta na wanafunzi wachache, aliendelea kuwanyang'anya kibodi. Mwanafunzi mmoja alipolalamika kwamba mashine zipo zimekaa bure, alijibiwa kwamba na akili yake nayo imekaa bure. Vijana mnaotumia akili mnemba kuandikiwa programu, msinielewe vibaya, hata mimi naitumia. Ila ninapoletewa msimbo, yaani maandishi ya programu, ambao aliyeuleta hawezi kunieleza mstari wa kumi unafanya nini, nasikia sauti ya Mwalimu, na huwa si ya upole.

Wirth mwenyewe, mwaka 1995, aliandika makala akiomba programu ziandikwe nyepesi, akilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu. Kwa Mzungu wa Zürich hilo lilikuwa suala la ustadi. Kwetu ni suala la bando. Anayetengeneza programu ya simu kwa mkulima wa Njombe ambayo ni lazima ipakuliwe upya kila wiki hajamsoma Wirth, au kamsoma akasahau.

Nyuma ya Mwalimu kulikuwa na watu waliomfundisha yeye, na hapa lazima niende nyuma kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaamini kompyuta iliingia Tanzania pamoja na intaneti. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, aina ya ICT 1500. Ilitumia kadi zinazotobolewa. Takwimu zinaandikwa kwenye karatasi, mtoboaji anazigonga kwenye kadi, kisha mtoboaji wa pili anazigonga upya kutoka karatasi ile ile kwenye mashine ya kuhakiki, inayolinganisha mguso kwa mguso na kusimama panapotofautiana. Kazi hiyo ya kutoboa na kuhakiki, hapa kama kwingineko duniani, ilifanywa kwa wingi na wanawake.

Mwalimu alifundishwa na mama mmoja wa kundi hilo. Alitusimulia kwamba mama huyo hakuwa na cheti chochote cha kompyuta, na kwamba yeye ndiye aliyemfundisha jambo moja ambalo chuo hakikumfundisha: usimwombe aliyefanya kazi aikague mwenyewe, maana jicho lake litasoma alichokusudia, si alichoandika. Leo tuna majina mazuri ya jambo hilo. Tunakaguliana msimbo kabla haujaingia kwenye mfumo, tunaita ni utaratibu wa kisasa, tunalipia kozi. Mama yule alikuwa analifanya kwa kadi zamani hizo, na jina lake halimo kwenye historia yoyote ya TEHAMA niliyoisoma.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini bila kibali maalumu, baada ya mashine ya Hazina kuleta mtafaruku wa hesabu. Wachambuzi wa nje huandika uamuzi huo kama kichekesho. Mimi siuoni hivyo moja kwa moja. Nchi maskini iliyotoa fedha za kigeni kununua mtambo, kisha ikashindwa kupata hesabu zake zenyewe kwa wakati, ilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa, na waliobeba gharama hiyo ni kizazi cha walimu wetu. Walibaki na mitambo inayozeeka na vitabu vinavyozeeka. Walijifunza kutengeneza badala ya kununua. Mwalimu alikuwa na tabia ya kutotupa skrubu, na meza yake ilikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vitu ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini mpaka siku vilipohitajika. Tulimcheka. Kisha tukawa tunamwazima.

Baada ya Mwalimu na mama yule, mtu wa tatu wa kwetu niliyetaka kumtaja alikuwa fundi wa usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika, vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Lusaka na Harare viliunganishwa kwa barua pepe chini ya mradi wa ESANET, kwa kutumia mfumo wa FidoNet. Madaktari nao walikuwa na HealthNet, ya shirika la SatelLife lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani. Walituma ujumbe kupitia setilaiti ndogo ambayo ilikuwa lazima uisubiri ipite juu ya kichwa chako. Barua za FidoNet hazikuondoka papo hapo. Ziliandikwa mchana, zikakusanywa na kubanwa, na usiku modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, ikapiga simu kituo kingine, ikakabidhi mzigo na kuchukua wake. Laini ikikatika katikati, unaanza upya, na bili ya simu inasoma.

Fundi huyo alikuwa na kaunta buku. Kila usiku aliandika saa aliyopiga, namba, laini ilishika au haikushika, mzigo ulikuwa na ukubwa gani, na mvua ilikuwa inanyesha au la. Habari ya mvua ilitushangaza sisi vijana. Hakutueleza. Alituambia tu tukae tusome kurasa za miezi iliyopita, na baada ya muda tukaona wenyewe kwamba simu za njia fulani zilikufa kila mvua inaponyesha, kwa sababu maji yalikuwa yanaingia kwenye sanduku la nyaya mtaani. Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo, wala kampuni ya simu yenyewe haikuwa imelisema. Alilipata kwenye daftari lake. Mpaka leo ninapopokea kijana wa mafunzo kwa vitendo simpi nywila wala swichi ya kuchezea siku ya kwanza. Nampa kumbukumbu za seva za mwezi mmoja, yaani orodha ya matukio ambayo mashine hujiandikia, nikamwambia asome. Wengine hawarudi. Wanaorudi huwa mafundi.

Kuhusu kumbukumbu za seva, David Mills anastahili neno lake hapa, kwa sababu kumbukumbu isiyo na saa sahihi haina maana. Itifaki yake ya NTP, yaani kanuni ambazo kompyuta hutumia kuoanisha saa zao, ambayo waraka wake wa kwanza ulitoka mwaka 1985, inafanya kitu kinachoonekana hakiwezekani. Kompyuta inauliza saa kwa mwenzake kupitia mtandao unaochelewesha ujumbe kwa kiasi kisichojulikana, na bado inapata jibu sahihi. Inapima saa ujumbe ulipoondoka, ulipopokelewa, jibu lilipoondoka na lilipofika, kisha inakokotoa ucheleweshaji na tofauti kati ya saa mbili. Kila muamala wa pesa kwa simu unaoufanya hapa nchini umepigwa muhuri wa saa, na mitambo inayofanya kazi hiyo huwekwa sawa kwa itifaki hii. Mills alizaliwa na ugonjwa wa macho, na uzeeni akawa hawezi kuona kabisa. Aliendelea kufanya kazi. Wachache sana walijua jina lake. Nilipouliza kwenye semina yetu ya Machi ni nani aliyeunda NTP, ukumbi ulinyamaza, na nusu ya ukumbi ule wanalipwa mshahara kwa sababu yake.

Kurtz naye ananipeleka mahali ambapo wengi hamtarajii. Yeye na John Kemeny waliiendesha programu ya kwanza ya BASIC alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, katika Chuo cha Dartmouth, Marekani. Mwalimu wa Kurtz alikuwa John Tukey, mtaalamu wa takwimu wa Princeton. Sifa ya Dartmouth haikuwa lugha ile peke yake. Walikata shauri kwamba kompyuta ni ya kila mwanafunzi, awe wa hisabati au wa fasihi, kama maktaba ilivyo ya kila mwanafunzi, wakajenga mfumo wa kuwawezesha wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisoma katika chuo hicho kijana kutoka Ghana aitwaye Nii Quaynor.

Quaynor alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta mwaka 1977, akafanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment, kisha akarudi nyumbani na kuiunganisha Ghana na intaneti. Angeweza kuishia hapo na tungemshangilia. Badala yake, yeye na wenzake walianzisha AfNOG, jukwaa la mafundi wa mitandao wa Afrika, ambalo lilikutana kwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 2000. Warsha zake zilifanyika Kampala 2003, Nairobi 2006, Kigali 2010, na hapa kwetu Dar es Salaam mwaka 2011. Wanachama wetu kadhaa walikaa kwenye meza zile. Mnafungua nyaya kwenye maboksi wenyewe, mnajenga mtandao wa chumba tangu mwanzo, mnaweka mfumo endeshi wa FreeBSD, mnaelekezana njia za trafiki kati ya meza na meza, mnavunja, mnajenga tena hadi usiku. Wakufunzi walikuja kwa kujitolea, wengine kutoka Oregon, wengine kutoka Lomé au Nairobi. Na aliyekuwa mwanafunzi mwaka huu, akifanya vizuri, mwaka unaofuata aliitwa kusaidia meza, na baadaye akasimama mbele kufundisha. Mwaka 2007 Quaynor alipewa tuzo ya Jonathan Postel, ya waliotumikia intaneti. Mimi nadhani tuzo yake kubwa ni kwamba leo ukiingia kwenye chumba cha mitambo cha mtoa huduma yeyote wa ukanda huu, huwezi kukosa mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa katika warsha zile.

Hili si la kusimulia tu. Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka 2024, mikonga miwili ya baharini inayobeba intaneti, EASSy na SEACOM, iliharibika karibu na Durban, na Afrika Mashariki ikabaki inahema. Wengi wenu hamkulala. Huduma nyingi za nje zilizorota au zilikufa. Lakini trafiki ya ndani, yaani mawasiliano ya intaneti kati ya watoa huduma wa hapa hapa, iliyokuwa ikibadilishana katika vituo vya hapa hapa, iliendelea kupita. Vituo hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Kabla yake, barua pepe ya ofisi moja ya Nairobi kwenda jirani yake ng'ambo ya barabara ilipanda setilaiti, ikaenda bara jingine na kurudi, na malipo yakafanyika kwa dola. Wakenya walipofungua kituo chao cha KIXP mwezi Novemba 2000, kilifungwa na mdhibiti muda mfupi baadaye, kwa malalamiko ya kampuni ya simu iliyokuwa na haki ya pekee ya trafiki ya kimataifa. Waliokianzisha walibishana kwa hoja mpaka kikafunguliwa tena mwezi Februari 2002, na mafundi wa nchi jirani, wetu wakiwemo, wakajifunza kwao. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Vijana waliokaa zamu usiku ule wa Mei wakashangaa kwa nini benki moja inafanya kazi na nyingine imekufa, jibu lilikuwa ni mabishano ya watu ambao baadhi yao wamestaafu na hakuna anayewapigia simu.

Kuna jambo ambalo wanachama wetu wanawake waliliandikia Kamati mwaka huu, na naliunga mkono kwa sauti. Shukrani kwa walimu ni rahisi kwa aliyepata mwalimu. Baadhi yao walieleza kwamba walipoanza kazi, katika ofisi ambazo sitazitaja, wenzao wa kiume waliitwa kwenye chumba cha mitambo na wao wakaambiwa waandike barua za mwaliko. Hakuna aliyewafukuza, ila hakuna aliyewaita. Ndiyo maana kazi ya Dorcas Muthoni wa Kenya ina uzito wake. Alianzisha kampuni yake ya programu akiwa na miaka 24, na mwaka 2004 yeye na wenzake wakaanzisha AfChix, wakiwatafuta wasichana mashuleni na vyuoni na kuwaunganisha na wanawake walioko kazini. Mwaka 2014 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya waasisi wa intaneti duniani. Hakusubiri msichana apate bahati ya kukutana na mzee mwenye moyo mzuri, na hapo ndipo chama chetu kinapaswa kujipima: ulezi tumeuacha uwe wa bahati.

Sasa nifike kwenye hoja, na najua hapa tutabishana, maana tumeshaanza kwenye Kamati.

Pendekezo la kwanza lililoletwa lilikuwa la ngao. Kila mwaka tumchague mzee mmoja, tumwandalie chakula cha jioni hotelini, tumkabidhi ngao ya kioo, tupige picha. Wajumbe walioleta wazo hilo wana nia njema, na wana hoja kwamba wafadhili hupenda hafla. Mimi nililipinga na ninaendelea kulipinga. Wazee niliowataja leo hawakutulea kwa hafla. Walitulea kwa kukaa na sisi. Gharama ya hoteli moja inatosha nauli za mafundi wa mikoani kuja kukaa wiki nzima kwenye chumba cha mitambo na mtu mwenye uzoefu, au mwenye uzoefu kwenda kwao.

Wajumbe waliuliza: je, wasishukuriwe hadharani kabisa? Hapana, washukuriwe, tena kwa maandishi. Jon Postel, ambaye tuzo ile imebeba jina lake, alikuwa mtunza namba na majina ya intaneti kwa miaka mingi. Alifariki Oktoba 1998. Rafiki yake Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, waliyesoma naye sekondari moja, hakuishia kwenye hotuba ya mazishi. Alimwandikia rambirambi ndani ya mfululizo ule ule wa nyaraka za kiufundi ambazo Postel mwenyewe ndiye aliyekuwa mhariri wake. Ni waraka namba 2468. Upo mpaka leo kati ya nyaraka za itifaki, na fundi yeyote anayetafuta jambo la kiufundi anaweza kukutana nao akamjua mtu aliyeshika kazi kabla yake.

Hivyo Kamati Tendaji, baada ya kura ya karibu sana, inawasilisha kwenu mambo haya.

Kwanza, chama kianze kurekodi simulizi za wazee wa TEHAMA wakiwa hai, kwa sauti na kwa Kiswahili, bila kuwachagua kwa vyeo. Mtoboa kadi aje, fundi wa simu aje, mtunza stoo wa vifaa aje. Vijana waliofanya kazi ya Jambo OpenOffice pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 2004 na kumpa Mswahili programu ya ofisi kwa lugha yake, sasa ni watu wazima wenye watoto. Nao wahojiwe kabla hawajasahau walivyogombana juu ya kila neno. Kila anayerekodiwa aombwe ridhaa kwa maandishi, kama sheria ya taarifa binafsi inavyotutaka, na akikataa jina lake kutajwa, lisitajwe.

Pili, kila mwanachama mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi ambaye anataka kuhuisha uanachama wake awe amekaa na kijana mmoja kwa mwaka mzima. Kukaa maana yake ni kukaa: kumruhusu awepo unapotatua hitilafu, aone unavyokosea na unavyotafuta, asome kumbukumbu zako. Semina haitahesabiwa. Kikundi cha simu ambacho mzee anatuma salamu za asubuhi nacho hakitahesabiwa. Katika mwaka wa kwanza, kipaumbele katika kupangiwa wapewe wanawake na walioko nje ya Dar es Salaam. Najua wapo watakaosema kwamba waajiri hawataruhusu wageni kwenye vyumba vya mitambo, na wana haki. Katibu ameandaa mfano wa mkataba wa kutunza siri ambao mwajiri anaweza kuusoma na kuubadilisha.

Tatu, na hili halina gharama yoyote, kila mwanachama anayekabidhi mfumo aandike kwenye hati za makabidhiano majina ya waliomfundisha kuujenga. Ukurasa mmoja tu, baada ya michoro ya mtandao na kabla ya orodha ya vifaa.

Bajeti ya mambo hayo ipo kwenye kiambatisho cha Mweka Hazina. Fedha ya kurekodi tunayo kwa nusu mwaka; nusu ya pili itategemea ada zenu, na hapo namtazama kila mmoja wenu. Pendekezo la ngao nalo limeambatanishwa kama lilivyoletwa, bila kupunguzwa, ili wanachama walipigie kura wenyewe.

Ndugu wanachama, familia ya Mwalimu imekabidhi chama makopo yake na madaftari yake. Katibu anaomba watu wawili wa kujitolea kuyaorodhesha kabla ya mvua za masika, maana stoo yetu inavuja.

Naomba kutoa hoja.